Jambo la Saba Katika Orodha ya Akello

Mugutha, Ruiru
Jumamosi, 10 Mei 2025

Akello wangu,

Kaa chini kwanza. Habari hii si ya kusomwa ukiwa umesimama kwenye foleni ya githeri ya mchana.

Unamkumbuka anko Gachanja, ndugu ya mama, mwenye ofisi juu ya duka la mabati hapa Ruiru, ninapomsaidia nikitoka shule? Ile tovuti yake ya masomo, Ubao Wetu, itajaribiwa shuleni kwenu! Mwalimu wenu wa kompyuta, Mwalimu Odhiambo, amekubali, lakini kwa sharti moja: itengenezwe kwanza mpaka mwanafunzi asiyeona aitumie mwenyewe bila kushikwa mkono. Anko akakuna kichwa. Akasema, "Sasa nitajuaje kama asiyeona ameweza ama ameshindwa? Nifunge macho?" Na mimi, mimi ambaye darasani nikiulizwa swali naangalia viatu, nikafungua mdomo nikasema, "Kuna rafiki yangu."

Ni mimi niliyekutaja. Nataka ujue hivyo.

Kazi itakuwa hivi. Kila Jumamosi atakuja Nduku, msichana wa chuo anayefanya mazoezi ya kazi kwetu. Yeye ndiye anayeitengeneza tovuti. Utaijaribu mkiwa pamoja, kisha utaandika kwa mashine yako ya breli kila kitu kilichokushinda. Nduku ataniletea karatasi, mimi nitazisoma na kuzinakili kwa maandishi ya kawaida, naye atarekebisha akifuata nakala yangu. Ofisi nzima ni mimi peke yangu ninayejua breli. Umeona? Tangu uliponifunza nukta za breli kwenye ngazi za ploti ya kupanga tulimoishi wote kule Witeithie, tukiwa darasa la tatu, watu wamekuwa wakiniuliza zitanisaidia nini. Leo hawaulizi.

Niliomba nije mimi hizo Jumamosi. Anko akasema panahitajika mtu wa kompyuta, mimi nibaki na karatasi na nisaidie kuandika maelezo ya picha. Sawa tu.

Hata barua zetu atabeba Nduku. Usiogope, hajui nukta hata moja.

Wako,
Waceke


Thika
Jumamosi, 17 Mei 2025

Ceke,

Yawa, mbavu zangu bado zinauma!

Unajua ile programu inayotusomea skrini kwa sauti? Sisi huku tumeibatiza Philip, kwa sababu ya kiranja mmoja wa zamani aliyekuwa akisoma matangazo kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Kiswahili Philip anakisoma kama mzee aliyesahau meno kwenye glasi. Basi nikafungua Ubao Wetu, Philip akaanza: "Kitufe. Kitufe. Kitufe. Picha sifuri sifuri nne saba. Kitufe." Nikamuuliza Nduku, "Hii ni tovuti ama ni duka la vifungo vya shati?"

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akafanya kitu sijawahi kuona mtu akifanya. (Ndiyo, nimesema kuona. Nyamaza.) Alizima skrini. Akasema, "Leo na mimi tumwachie Philip." Tukahangaika wote wawili, na yeye ndiye aliyepotea kwanza! Alikuwa anatafuta somo la Biolojia, akajikuta kwenye ukurasa wa kubadilisha nywila. Nikamrudisha mimi.

Jambo jingine. Nikikwama hanishiki mkono. Anauliza, "Umesikia nini?" halafu anangoja. Wewe ungekuwa umeshanibonyezea, usikatae.

Orodha yangu ya kwanza ndiyo hii, kurasa tatu. Nduku anasema atairekebisha yote.

Salimia mama yako. Nduku anakusalimia pia, amesimama hapa anauliza ninaandika nini. Nimemwambia ni siri za serikali.

Akello


Mugutha
Jumamosi, 24 Mei 2025

Akello,

Karatasi zilifika, nikanakili zote, na vitufe sasa vina majina. Nduku amefurahi sana.

Katika barua yako umemtaja kwa jina mara tatu. Sikuwa nahesabu, ni macho tu yalihesabu yenyewe. Ni mzuri, sikatai. Lakini kwa kuwa hujui mtu ukikaa naye saa moja kwa wiki, wacha nikuambie kwamba hapa ofisini huacha vikombe bila kuosha na huimba akila. Na kuzima skrini kwa dakika chache si jambo la ajabu. Stima ikipotea huku Mugutha, sote tunazimiwa skrini na hakuna anayetusifu.

Samahani. Nimeandika vibaya, na kwenye sleti ya breli siwezi kufuta. Ukishatoboa umetoboa.

Nina mtihani kwako. Ile picha ya moyo ya Kidato cha Pili imeandikiwa maelezo mara mbili, na watu wawili tofauti. Philip atakuwa akisoma moja pale penye picha. Sikwambii ni ya nani. Chagua.

Ya kwanza: "Moyo mwekundu wa kupendeza, umelalia upande kama embe la Machakos, na juu yake mirija minene imejipinda kama shingo za bata wawili waliokosana."

Ya pili: "Moyo uliopasuliwa, ukitazamwa kutoka mbele. Una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Mishale inaonyesha damu ikiingia chumba cha juu cha kulia, ikishuka cha chini, kisha ikienda mapafuni."

Chagua kwa moyo safi.

Waceke

Huku shuleni bado nakula lunchi peke yangu. Si malalamiko. Nakuambia tu kwa sababu ni wewe ninayekuambia vitu.


Thika
Jumamosi, 31 Mei 2025

Ceke,

Nimechagua ya pili. Wale bata waliokosana watanichekesha mpaka nizeeke, lakini kwenye mtihani hawataniuliza bata. Wataniuliza damu inaingia wapi. Na ulidhani kweli sitajua ya kwanza ni ya nani? Nimekua nikisikia embe zako na bata zako. Ziandike kwenye barua, nazipenda. Kwenye picha niambie tu kile mwenzangu anayeona amepewa.

Usinune. Nakujua, umeshanuna.

Sasa sikia jambo kubwa. Orodha ya leo ina mambo tisa tu, na ndiyo ya mwisho. Yakirekebishwa haya tisa, nitaweza kufanya mtihani mzima wa kwenye tovuti, kutoka jina langu mpaka alama, bila mtu kando yangu. Sijawahi, Ceke. Siku zote kuna mtu ananisomea swali. Hata wewe. Wewe ulikuwa unavuta pumzi kila nikikaribia kuchagua jibu lisilofaa. Ulijua? Nilikuwa nikisikia hiyo pumzi nabadilisha jibu. Zile alama tulizokuwa tukirudi nazo nyumbani zilikuwa zetu wawili. Mama alizibandika ukutani, na mimi nikizipapasa nilikuwa nasikia aibu kidogo. Nataka zangu. Hata kama ni thelathini.

La saba ndilo lililonitesa zaidi, na lilinipata Nduku akiwa ametoka nje kupokea simu. Linukuu vizuri, tafadhali.

Nduku ameanza kujifunza nukta. Amefika herufi J. Vidole vyake ni vizito kama vya fundi wa gari, lakini ameshikilia. Anasema si haki mtu abebe barua asizoweza kuzisoma.

Akello


Mugutha
Jumapili, 1 Juni 2025

Akello,

Hii naandika kwa kalamu ya wino, kwenye daftari la kawaida, makusudi. Sitaituma. Hata ikikufikia kwa bahati mbaya, itakuwa karatasi laini tu mkononi mwako.

Tumetoka kanisani. Mama analala. Mimi nimekaa kwenye stuli ya jikoni.

Jana nilinakili orodha yako. Nilikuwa peke yangu ofisini, Nduku alikuwa amenirushia bahasha akaenda zake, akiimba A, B, C za nukta kwenye ngazi. Nikaandika la kwanza mpaka la sita. Nikafika la saba. Nalijua kwa kichwa: "Mtihani una saa inayohesabu kimya. Anayeona anaiona pembeni. Mimi siambiwi chochote, na muda ukiisha ukurasa unafuta majibu yangu yote. Kusikiliza ni polepole kuliko kutazama. Saa iseme zikibaki dakika tano, na niweze kuongeza muda."

Sikuliandika.

La nane nikalipa nambari saba. La tisa likawa nane. Nikamwekea Nduku mezani orodha ya mambo manane, safi, bila kosa la tahajia. Ile yako ya nukta nikaitia chini kabisa ya faili.

Najua kwa nini. Naona aibu kuandika hata mahali ambapo hakuna atakayesoma. Nilitaka kitu kimoja kibaki. Kimoja tu, ukwame hapo, useme, "Mwiteni Ceke." Kwa sababu shuleni kwetu hakuna anayesema mwiteni Ceke. Kama nisipokuwepo kwenye mstari wa asubuhi, hata monita haoni. Lakini pale ngazini Witeithie nilikuwa mtu. Ulikuwa ukisema, "Ceke, soma," na mimi nasoma, na sauti yangu haitetemeki.

Na sasa unaniambia hata pumzi yangu ilikuwa inakuharibia.

Ninamwonea wivu Nduku. Namwonea wivu hata Philip, ambaye si mtu! Ngai, nimeandika hivyo kweli.

Kesho nitaongeza la saba. Nitamwambia Nduku nililisahau.


Ruiru
Jumamosi, 7 Juni 2025

Akello,

Barua fupi, nina kazi nyingi ya shule. Nduku amemaliza kurekebisha yote yaliyokuwa kwenye orodha. Anko amefurahi mno, anakuita "yule msichana wetu wa Thika mwenye kichwa." Wetu, eti.

Sikununa.

Waceke


Witeithie
Jumamosi, 28 Juni 2025

Ceke,

Niko nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula tangu juzi, nawe uko Mugutha hapo karibu, na hujafika. Mama amekaanga samaki, amekuwekea, amekula mwenyewe mwishowe. Nimekupigia kwa simu yake mara mbili, ikalia mpaka ikakata. Unaumwa? Ama ni mitihani? Mama anashuka Ruiru kesho kununua bidhaa, atakupitishia hii ofisini kwa anko wako.

Wiki ijayo, Jumamosi tarehe tano, kuna onyesho. Walimu wa shule nne watakuja kwetu kutazama mwanafunzi asiyeona akifanya mtihani kwenye Ubao Wetu peke yake. Mwanafunzi ni mimi. Nduku atasimama mlangoni, sio kando yangu. Shule zote nne zinaweza kuichukua tovuti. Na anko wako amemwambia Mwalimu Odhiambo kwamba nikifanya vizuri nitaendelea kuwa mjaribu wao mpaka nimalize Kidato cha Nne. Mimi! Mama amewaambia ploti nzima, hata mzee wa kuuza makaa ananisalimia kwa cheo.

Sasa swali. Jumamosi tatu zilizopita tulikuwa na mitihani, chumba cha kompyuta kimefungwa, kwa hivyo sijajaribu marekebisho ya mwisho. Hata ile ya saa imerekebishwa? Nataka nijibu mbele yao polepole, nikiwaeleza ninasikia nini. Kama saa inasema, sitakimbia. Kama haisemi, nitafanya haraka bila maelezo. Niambie ukweli nijipange.

Akello


Ruiru
Ijumaa, 4 Julai 2025

Akello,

Sikuwa mgonjwa. Ni mitihani tu.

Yote imerekebishwa. Nenda uwaonyeshe.

Waceke


Thika
Jumapili, 6 Julai 2025

Waceke,

Hukuja jana. Nilidhani utakuja, nikamwomba Nduku akuangalie kwenye viti vya nyuma.

Acha nikueleze kilichotokea, kwa sababu pengine wamekueleza kwa namna yao.

Nilijibu polepole, vile nilivyokuambia. Nilifika swali la kumi na nne kati ya ishirini. Nilikuwa nawaeleza jinsi picha ya moyo inavyosomwa, nasikia kalamu za walimu zikiandika. Mwalimu mmoja wa kike akasema, "Haiya, ananishinda hata mimi." Nikabonyeza kwenda mbele, na Philip akasema, "Karibu Ubao Wetu. Andika jina lako."

Nikadhani nimebonyeza vibaya. Nikarudi nyuma. "Karibu Ubao Wetu. Andika jina lako." Mara ya tatu mtu akacheka, si kwa ubaya, ile ya kuona haya kwa niaba yako. Nikasema, "Ni saa. Saa imeisha na haikusema. Niliandika hilo, ni jambo la saba." Anko wako akatoa orodha yake, akaisoma yote mbele ya wageni. La saba lilikuwa rangi ya maandishi, lile nililowaandikia wenzangu wanaoona kidogo. Rangi, Waceke, jambo ambalo mimi najua ni la nane. Saa haikuwepo. Akaniambia kwa upole, na huo upole ndio uliniuma, "Labda ulikusudia kuliandika, msichana wangu."

Nduku alianza kupekua. Nilimsikia akifungua karatasi zake na kuzifunga.

Mwalimu Odhiambo ameniambia nipumzike na hiyo kazi. Ametumia neno hilo, nipumzike. Watatafuta mjaribu mwingine, "mwangalifu zaidi." Shule mbili zimeshakataa tovuti.

Nimekaa tangu jana najiuliza kama kweli niliandika. Nimepapasa kumbukumbu zangu zote. Nakumbuka nikiandika neno "kimya." Lakini mtu akiambiwa na watu wazima watatu kwamba hakuandika, anaanza kuota.

Karatasi yangu ya nukta uko nayo wewe. Mwalimu Odhiambo anakuja ofisini kwenu kesho na ataiacha barua hii mezani kwako. Itazame ile karatasi, uniambie. Kama nililisahau, sema nililisahau. Nitakuamini.

Akello


Mugutha
Jumanne, 8 Julai 2025

Akello,

Hukulisahau. Uliliandika, mistari minne, na neno "kimya" liko kwenye mstari wa kwanza. Nimeligusa leo.

Ni mimi. Nililiruka nikinakili. Si kwa bahati mbaya. Nilibadilisha nambari ili pengo lisionekane.

Nilijiambia nitaliongeza kesho yake. Kesho yake nikaogopa kuulizwa mbona sikuandika jana. Baada ya wiki nikaogopa zaidi. Uliponiandikia ukiwa Witeithie kuniuliza kuhusu saa, nilikuwa na siku sita nzima. Siku sita, na Nduku amekaa meza ya pili kutoka kwangu! Ningesema tu, "Nduku, kuna hii." Badala yake niliona furaha yako kwenye hiyo barua, na kila mahali nilipojitafuta sikuwepo. Nikaandika "yote imerekebishwa." Hiyo ndiyo iliyokuangusha. Kama ningesema haijarekebishwa ungefanya haraka na ungemaliza.

Nilikuwa na wivu. Nakuandikia kwa nukta kwa sababu kwa mdomo siwezi. Nilimwonea wivu Nduku kwa sababu alijua kukungoja nami sikujua. Nilikuonea wivu wewe pia, kwa sababu anko hajawahi kusema mimi nina kichwa.

Sikuja onyesho kwa sababu nilijua kitakachotokea. Nilikuwa nyumbani naosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Sijui niombe nini. Natuma hii kwa mama yako. Ananiita "binti yangu" bado. Alinipa hata ndizi.

Waceke


Thika
Jumapili, 13 Julai 2025

Waceke,

Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilishukuru, fikiria. Nilishukuru kwamba sijarukwa na akili. Kisha nikaisoma tena.

Wewe ndiye uliyekuwa macho yangu na sikuwahi kukuchunguza. Mtu akiniambia mbele yako kuna ngazi tatu, nakanyaga tatu. Siwezi kuishi nikizihesabu upya. Umeelewa ulichovunja? Si onyesho. Onyesho ni kitu cha saa moja.

Na kuna jambo lingine, kwa kuwa tunasema ukweli. Ulinipenda nikiwa nakwama. Nilikuwa nalijua kidogo, na nilikuacha, kwa sababu nilijua huna mtu mwingine. Mara nyingine nilikuwa najifanya sielewi swali ili usome tena. Hilo ni kosa langu. Haya mengine ni yako.

Sasa sikia ninachotaka. Umekiri kwangu kwa nukta, mahali ambapo hakuna mwingine anayesikia. Kwa wengine wote mimi bado ni msichana aliyesahau. Sitaki kukusemea. Nikisema mimi, nitakuwa mjaribu aliyeshindwa anayemsingizia mpwa wa mwenye kampuni.

Nimemwomba Mwalimu Odhiambo awaite anko wako na Nduku Jumamosi tarehe kumi na tisa, saa nne, kwenye chumba cha kompyuta. Sikumwambia kwa nini. Wewe andika barua. Usiandike kwa breli. Andika kwa wino, maandishi ya kawaida, anayoweza kusoma mtu yeyote. Na atakayenisomea kwa sauti, mbele yao wote, ni Nduku.

Usipoandika, nitajua pia.

Akello


Kwa kusomwa kwa sauti na Nduku
Thika, Jumamosi, 19 Julai 2025

Akello,

Nduku, soma polepole tafadhali, na usiruke kitu hata kikiwa kinakuhusu. Hasa kikiwa kinakuhusu.

Jina langu ni Waceke. Najitambulisha kwa sababu Mwalimu Odhiambo hanijui isipokuwa kama msichana wa mezani anayepokea bahasha. Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, anko.

Tarehe thelathini na moja Mei, Akello aliandika mambo tisa. Mimi nilinakili manane. Karatasi yake ya nukta nimeiambatisha hapa. Mwalimu Odhiambo, wewe unajua breli, tafadhali lisome jambo la saba mwenyewe kabla Nduku hajaendelea. Tutangoja.

Akello hakusahau. Wala hakukosa uangalifu. Mtu pekee aliyekuwa na karatasi hizo kati yake na Nduku ni mimi, na niliondoa jambo la saba makusudi. Kisha Akello aliponiuliza kama limerekebishwa, nikamjibu kwamba limerekebishwa. Alifanya mtihani polepole mbele ya wageni kwa sababu aliniamini. Kilichofutika siku ile yalikuwa majibu kumi na manne, na Nduku anaweza kuthibitisha kutoka kwenye kumbukumbu zilizobaki ndani ya mashine kwamba kumi na matatu yalikuwa sahihi. Nilimwomba aangalie jana. Sikumwambia ni ya nini.

Nduku, hapa ni wewe. Nilikuonea wivu tangu Jumamosi ya kwanza. Nilimwandikia Akello kwamba huoshi vikombe. Nilifurahi ulipokuwa hujui kusoma barua ulizobeba, na ulipoanza kujifunza niliogopa. Ulirekebisha kila kitu ulichopewa. Kosa la orodha si lako, na siku ile ulipopekua karatasi zako mbele ya wageni, najua ulikuwa unajitafuta kosa. Acha kujitafuta. Sasa endelea, usilie kwa sababu yangu, ama lia lakini soma.

Anko, unasikia haya mbele ya watu na najua unaona aibu. Ulisema wewe huhitaji kukagua nakala zangu kwa sababu mimi ni damu yako. Tafadhali zikague. Ama mpe Nduku, amefika herufi zote sasa. Na naomba uwaandikie walimu wa zile shule nne uwaambie tovuti ilianguka mahali ambapo mjaribu wenu alikuwa ameshawaonyesha, na ni nani aliyepaficha. Weka jina langu. Nimejaribu kuandika barua hiyo mwenyewe ili uitie sahihi tu, iko ndani ya bahasha ya pili.

Akello, sikuombi urudi kuwa vile tulivyokuwa. Nimefikiria wiki nzima na naona pale tulipokuwa hapakuwa pazuri kwako. Uliniambia ulikuwa unajifanya huelewi ili nisome tena. Hiyo sentensi imeniumiza kuliko zote, na sikujua mtu anaweza kuumizwa na wema.

Naomba urudishiwe Jumamosi zako. Nimemwachia anko ufunguo wa ofisi.

Nimekuja na barua hii mwenyewe. Niko nje, kwenye korido, upande wa pili wa mlango ambao Nduku ameuacha wazi nilipomwomba. Nasikia kila neno linavyotoka kwake, na hakika anasoma vizuri kuliko mimi. Siingii kwa sababu hujaniita, na sitaki uwe na mtu chumbani usiyemtaka.

Ukitaka niingie, ita jina langu. Kama hutaki, usilazimike kusema chochote mbele yao. Nitangoja mpaka kengele ya chakula, kisha nitarudi Ruiru.

Nduku, umefika mwisho. Asante kwa kusoma.

Waceke